Kofia ya Baba Msibani

Shuleni kwetu Tabora elimu ni ya kujitegemea, maana yake unalitegemea jembe. Kwa hiyo mambo mengine nilikwenda kuyasoma misibani. Bure kabisa, na wali juu.

Mwalimu wangu alikuwa bibi wa Kizaramo, mkaanga vitumbua karibu na stesheni. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani. Nikimwamkia "Shikamoo, bibi," anajibu, "Marahaba, mtumwa wangu." Akifa Mnyamwezi, yeye hufika kumwigiza marehemu awachekeshe wafiwa. Nilikuwa namchukulia kapu, namtazama. Anavyokohoa kama marehemu, anavyochechemea! Mimi, mchekeshaji wa kidato cha pili, nilijiona nimeingia chuo kikuu.

"Usiwaangalie wanaocheka," aliniambia. "Mwangalie mfiwa."

Nikaona ni maneno ya kizee tu.

Siku moja nikampa na yangu, nikamwigiza baba: kila asubuhi amesimama uani na baiskeli yake, kofia kichwani, anafoka, "Mama watoto! Kofia yangu iko wapi?" Bibi alicheka mpaka vitumbua vikaungua.

Halafu baba akalazwa hospitali ya Kitete, asirudi.

Mama hakulia. Tulizika, tukarudi, akakaa mkekani, hasemi, hali. Mdogo wetu mchanga analia njaa, maziwa yamekauka. Shangazi alimlisha mama uji kwa kijiko, uji ukatoka kama ulivyoingia. Nikasikia wanawake wakinong'ona kwamba tutazika tena.

Mara kengele ya baiskeli ikalia uani. Baiskeli ya baba! Nikakurupuka kutazama. Bibi huyo, anaikokota, kavaa koti la baba, kofia ya baba kichwani.

"Mama watoto! Kofia yangu iko wapi?"

Mchezo wangu ule, nimeutunga mwenyewe! Watu wakaangua kicheko. Nimecheka kwenye matanga ya wenzangu mangapi? Lakini huyu ni baba, jamani! Nikamrukia nimpokonye ile kofia, na hapo nikayaona macho yake. Hayakuwa kwa wanaocheka, hata kwangu hayakuwa. Alikuwa amemkodolea mama, basi.

"Kofia, mama watoto! Nachelewa!"

"Si hiyo kichwani?"

Sauti ya mama. Uwanja mzima ukamgeukia.

"Tena hakuivaa hivyo," mama akasema. "Aliilaza kushoto."

Bibi akailaza kushoto. Mama akacheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka tukalia wote. Alipotulia akampakata mtoto, akanyoosha mkono kwenye bakuli la uji.

Mimi, domo la shule nzima, nimeganda katikati ya uwanja. Bibi akanipita na baiskeli yake ya kuazima.

"Funga mdomo, mtumwa wangu. Nzi wataingia."