Mguu Uliotikisa Maziwa

Wiki iliyopita, pale Bomang'ombe, nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha maziwa mbele ya hospitali, mke wangu akifanyiwa upasuaji. Benchi lilikuwa limepigiliwa misumari kwenye rafu ya sufuria, na mguu wangu ulikuwa unatikisika wenyewe.

"Baba, tuliza huo mguu," akaniambia mwenye kibanda, mama wa Machame. "Maziwa yakitikiswa hayagandi vizuri."

"Nisamehe, mama. Mke wangu yuko ndani."

Akachota kikombe cha mtindi, akanishikisha, mikono yake ikaifunika yangu. "Kunywa polepole."

Nasikia wataalamu bado wanabishana kama mtindi hupunguza wasiwasi. Wabishane tu. Mimi nilikunywa, mguu ukatulia, na simu ilipoita, muuguzi akasema mgonjwa ameamka na ananiulizia.

Nikamshukuru yule mama, nikausifia mtindi wake mbele ya wateja wote.

Akatikisa kichwa. "Mguu ulitulia kabla hujaonja, baba. Nilikuwa naangalia sufuria zangu."

Ni kweli. Wakati ule mikono yake ilikuwa bado juu ya yangu.