Kijana kwa Mujibu wa Ibara ya Tisa

Katika kanisa lile ujana haukuisha kwa mvi wala kwa magoti kuuma. Uliisha kwa pete. Katiba ilisema hivyo, ibara ya tisa, kwenye karatasi iliyopigwa na taipureta ambayo herufi g ilikuwa mbovu, ikabidi kila g ijazwe kwa kalamu: kijana ni muumini yeyote ambaye hajafunga ndoa takatifu. Basi binti wa miaka kumi na tisa aliyeolewa juzi alikuwa Mama, akikaa na akina mama wenzake wa miaka sitini kujadili malezi. Na fundi baiskeli wa miaka arobaini na minne, mwenye kipara kinachong'aa kama kengele mpya, alikuwa kijana.

Tena hakuwa kijana hivi hivi. Alikuwa Mwenyekiti wa Vijana, mwaka wa ishirini na mbili mfululizo. Kila uchaguzi alipita bila kupingwa, kwa sababu kila mtu alijua kazi yenyewe ilikuwa kutembea.

Mji mzima ulimwita Mwenyekiti, hata wale ambao kanisani waliingia kwa misiba tu. Banda lake lilikuwa njia panda: bati nne, nguzo sita, beseni la maji ya kutafutia pancha. Jumatatu hadi Alhamisi alinyoosha ringi na kubadilisha mipira ya breki. Ijumaa alifunga banda, akapakia mfuko wa vifaa, pampu, mpira wa miguu na Biblia nane zilizofungwa kwenye nailoni, akaelekea kwenye vituo vitano vya kanisa vilivyokuwa nyuma ya milima. Huko Mchungaji alifika mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili alirudi akiumwa.

Vijana wa huko walichoma matofali, walichoma mkaa, walichunga. Hawakuwa na muda wa kukalishwa chini waambiwe wao ni wabaya, walikuwa wanaambiwa nyumbani bure. Ila wote walikuwa na baiskeli, na zote zilikuwa mbovu. Mwenyekiti aligundua hilo mwaka wake wa kwanza, akatunga utaratibu wa maneno manne: lete baiskeli, lete mstari. Ukisema mstari wa Biblia kwa moyo, unatengenezewa. Tairi la mbele mstari mmoja, la nyuma miwili, mnyororo zaburi fupi. Asiyejua kusoma alikaa kando ya gurudumu lililopinduliwa, akafundishwa herufi huku spoku zinakazwa. Hakuna mtu anayejifunza kusoma haraka kama yule anayesubiri pedali yake. Kwenye kituo cha mwisho, siku nzima kwa kusukuma baiskeli, walikuwepo wachoma mkaa waliojua barua nzima ya Yakobo, na yote ilitokana na barabara mbaya.

Kuoa alitaka kuoa, watu wasimsingizie. Alipokuwa na miaka ishirini na saba alikuwa na mchumba, fundi cherehani, sauti ya pili kwaya, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kulipua hoja. Alikwenda kwa Mchungaji kupangiwa tarehe. Mchungaji alimmiminia chai mwenyewe, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili.

"Mwanangu," alisema, "ukioa unatoka kwa vijana. Na ukitoka kwa vijana, huko vituoni atakwenda nani?"

"Atapatikana mwingine, Mchungaji."

"Nani? Nitajie mmoja."

Mwenyekiti alikunja kidole cha kwanza, akakikunjua.

"Basi ngoja mwaka mmoja tu. Mungu haharakishwi."

Mungu hakuharakishwa. Mwaka ulizaa mwaka mwenzake, na wa tatu ulipoanza, fundi cherehani alikuja bandani, akakaa juu ya debe, akavua kidoleni kastabini yake ya kushonea na kusema kwa upole: "Mwenyekiti, mimi siwezi kuendelea kuchumbiwa na kamati." Baada ya miezi minne aliolewa na mwalimu wa hesabu. Mwenyekiti alipangwa kwenye arusi ile kusoma neno kwa niaba ya vijana, akasoma.

Tangu hapo alihudhuria semina ya "Kijana na Uchumba" mara kumi na nane, tisa kati ya hizo akiwa yeye ndiye mtoa mada. Alijua hatari zote za kushikana mikono. Hakuna aliyezijua kwa mbali kama yeye.

Kisha tangazo likabandikwa. Makao makuu yalikuwa yamepata wafadhili, na sasa kazi ya vijijini ingekuwa ajira: Mratibu wa Vijana Vijijini, mwenye mshahara, pikipiki, na ofisi yenye mlango. Awe kijana. Awe na uzoefu wa vijijini usiopungua miaka mitano. Mwenyekiti alilisoma mara tatu akiwa ameshika mnyororo mkononi, grisi ikimdondokea kiatuni. Miaka ishirini na mbili kazi ile ilikuwa yake kama kikohozi kilivyo cha mtu. Alitaka sasa iwe yake kwa jina, kwenye karatasi, na muhuri. Hakutaka kingine.

Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, alimpigia shati pasi.

"Usiwaambie mambo ya spoku," alimwonya. "Sema 'mbinu shirikishi'."

"Ndiyo nini?"

"Sijui. Ila wanaoajiri huyapenda hayo."

Kwenye usaili walikaa watatu: Mchungaji, Katibu wa kanisa, na mama mmoja wa makao makuu mwenye miwani yenye kamba. Mama yule aliuliza vizuri, akasikiliza vizuri, akacheka aliposikia habari za Yakobo na mkaa. Mwenyekiti akaona mambo yanamnyookea. Mpaka yule mama alipogeuza ukurasa.

"Una miaka mingapi, ndugu?"

"Arobaini na minne."

Mama akawatazama wenzake. "Tangazo linasema kijana."

"Mimi ni kijana," alisema Mwenyekiti. "Ibara ya tisa."

"Wafadhili wana ufafanuzi wao. Mwisho thelathini na tano."

"Mbona kwenye tangazo haipo?"

"Ipo kwenye kiambatisho," alisema Katibu.

"Kiambatisho kiko wapi?"

"Hakikubandikwa. Ubao ni mdogo."

Mchungaji alikuwa akisoma dari.

Aliyepata kazi alikuwa mpwa wake Katibu, miaka ishirini na minne, stashahada ya mawasiliano, viatu vyeupe. Uzoefu wake wa vijijini wa miaka mitano ulipatikana kwa kuhesabu likizo alizokwenda kwa bibi yake. Hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mwenyekiti, maana angekuwa mbaya, Mwenyekiti angepata mahali pa kuiweka hasira. Alikuja bandani siku ya pili, akamwinamia.

"Shikamoo, mjomba. Nimeambiwa wewe ndiye utanionyesha njia."

Kwa miaka ishirini na mbili vijana walikuwa wanamwita Mwenyekiti, au Kaka, au Kipara wakiwa wamekasirika. Mjomba ilikuwa mpya. Ilimkaa mwilini kama koti la mtu mwingine.

Alimwonyesha njia. Ungeuliza kwa nini, angekujibu kwamba vijana wa kule hawakuwa na kosa. Pikipiki ilifika vizuri hadi kwenye daraja la magogo, na kutoka daraja la magogo pikipiki ndiyo iliyobebwa. Mratibu alishika taa ya mbele, Mwenyekiti akashika iliyobaki.

Kituo cha mwisho walikusanyika thelathini na mmoja, kila mtu na baiskeli yake, wakizipindua chini tayari. Mratibu hakuelewa zile baiskeli ni za nini, akaomba zisogezwe kando, zinaharibu picha. Akahubiri kwa robo saa, vizuri tu, kisha akasema anayetaka kuokoka leo anyanyue mkono. Mikono yote thelathini na mmoja ikapanda kwa pamoja, kwa adabu. Ndivyo walivyozoea kumpokea mgeni yeyote aliyesafiri mbali.

Mratibu akapiga picha, akaandika daftarini.

"Hawa wameokoka tangu mwaka juzi," Mwenyekiti alimnong'oneza. "Yule wa mbele nilimbatizisha mimi. Yule wa kulia ni mzee wa kanisa."

"Mwaka juzi ni ripoti nyingine, mjomba."

"Utawaokoa mara ngapi?"

"Kila robo mwaka," alisema Mratibu, bila utani hata kidogo. "Fomu ndivyo ilivyo."

Walipomaliza, mchoma mkaa mmoja, jitu la mikono myeusi hadi viwikoni, alisogea na gurudumu la nyuma.

"Mwenyekiti, mimi nina yangu miwili. Nianze?"

Mratibu alitazama saa. Alisema ratiba imejaa, na kwamba matengenezo hayamo kwenye mradi. Mchoma mkaa alimtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akatazama mfuko wake wa vifaa, na safari hiyo hakuna mnyororo uliofungwa. Njia nzima ya kurudi Mratibu alikuwa akimweleza faida za mbinu shirikishi.

Wiki iliyofuata Katibu alimwita ofisini, ile yenye mlango. Mchungaji alikuwepo.

"Kwanza tunakushukuru," alianza Katibu, na mtu akianza na shukrani ofisini, shika kofia yako. "Pili, ili tusigongane na wafadhili, halmashauri imerekebisha ibara ya tisa. Kijana ni hadi thelathini na tano. Kwa hiyo uenyekiti nao, unaelewa. Huo mpira na zile Biblia utamkabidhi Mratibu."

"Naelewa. Na mimi nahamia wapi?"

"Kwa Wanaume, bila shaka."

"Wanaume ni waliooa. Ibara ya kumi."

Katibu alifungua katiba, akasoma midomo ikicheza. Ibara ya kumi hawakuigusa. Hakuna aliyeikumbuka.

"Basi hapo katikati," alisema hatimaye, "kwa sasa hapana jina."

Mchungaji akaona amsaidie ndugu. "Si uoe tu, Mwenyekiti? Hata mwezi ujao nakufungisha."

"Nilikuja kwako kukuomba kuoa. Ukaniambia ningoje."

"Nilisema mwaka mmoja," alisema Mchungaji.

Alisema kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi hesabu. Mwenyekiti alingoja aone kama atacheka, maana angecheka, huenda wangecheka wote, na pangekuwa na namna ya kutoka chumbani mule. Mchungaji hakucheka. Alikuwa anakumbuka vizuri kabisa, na kwa kumbukumbu yake yeye hakuwa amekosa.

Mwenyekiti alikabidhi mpira, Biblia nane na nailoni yake. Mfuko wa vifaa hakuutoa. Katibu aliuliza kama nao ni mali ya kanisa, akajibiwa ajaribu kuuchukua.

Nyumbani dada yake alisema waziwazi kwamba asikanyage tena pale, kwani kanisa ni hilo moja? Yeye alisema atakwenda, Jumapili ni Jumapili. "Utakaa wapi?" dada aliuliza.

Kukaa si mchezo kanisani kule. Watoto wana mikeka yao mbele, akina mama kushoto, wanaume kulia, vijana nyuma karibu na spika. Mwenyekiti aliingia akiwa na shati lile lile la usaili. Alisimama mlangoni kidogo. Mabenchi ya vijana yalikuwa yamejaa, Mratibu katikati yao akimpungia mkono kwa ukarimu, kama mwenye nyumba. Kwa wanaume kulikuwa na nafasi, lakini mzee wa zamu alikuwa ameshaweka mkono wake juu ya nafasi hiyo, hakuuondoa. Akakaa kwenye benchi fupi la mlangoni, lile la wapita njia.

Ibada ilikwenda. Kila kundi liliitwa kwa jina lake lisimame, liimbe wimbo wake, liombewe. Watoto. Akina mama. Vijana, na Mwenyekiti magoti yalimnyanyuka yenyewe nusu, akayarudisha. Wanaume. Kisha Katibu akashika kipaza sauti, akasoma matangazo, akafika mwisho kabisa.

"Kama kuna mgeni kati yetu, asimame tumfahamu."

Mwenyekiti alisimama.

Watu wakacheka, wakijua ni utani wake, alikuwa mtu wa utani. Akachukua kofia yake benchini, akaikunja.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mimi ni fundi baiskeli, hapo njia panda. Nimekuja mwenyewe, sikualikwa na mtu. Sina kundi. Nimependa mnavyoimba."

Kicheko kilikatika benchi kwa benchi, kutoka nyuma kwenda mbele. Kwa akina mama mtu mmoja, wa sauti ya pili, aliinamisha kichwa. Katibu alikuwa na utaratibu wa wageni, umeandikwa, na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akaufuata.

"Karibu sana, ndugu," alisema kwenye kipaza sauti. "Jisikie uko nyumbani."

Wakampigia makofi matatu, kama ilivyo desturi ya mgeni. Akaketi.