Sista Aliyenipa Cucu Nimfundishe

Jirani yangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, hupika ndengu kila Jumamosi. Kabla hajatia kitunguu, ile harufu ya maganda yanayochemka hupenya dirishani kwangu, na mimi, mama mzima mwenye watoto walionipita urefu, huacha ninachofanya nikasimama tu. Najikuta tena mtoto huko Kiritiri, katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, njaa imenibana, na Sista Leokadia amekataa katakata kutupakulia ndengu mpaka mmoja wetu asimulie Injili ya siku hiyo yote bila kitabu.

Sista alikuwa Mmeru wa Kianjai huko Tigania, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Maandiko aliyafundisha kwa namna yake. Alisoma mara moja, akafunga Biblia na kuibana kwapani, kisha akamchagua mtoto asimame mbele awe mwalimu. Yeye mwenyewe alijibanza kwenye benchi katikati yetu, magoti yakimgusa kidevu, akauliza maswali ya kukera.

"Mwalimu, huyo Zakayo alishuka aje huko kwa mti? Aliruka ama aliteremka pole pole?"

Usipojua, uliambiwa uende nyumbani ukafikirie. Wengi waliopitia benchi lile leo ni walimu na makatekista, na ukiwasikia wakifundisha unajua mara moja walitoka mikononi mwa nani.

Sasa nikueleze habari za cucu yangu, mama yake baba. Aliitwa Wawira, nami ni Wawira kwa sababu yake. Kwetu Mbeere binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake wa upande wa baba. Cucu alifagia kanisa, akapanga maua, akaimba kutushinda sote, lakini hakuwa amebatizwa. Watu walipopanga mstari wa komunio, yeye alibaki kwenye benchi peke yake. Nami nikiwa mstarini niligeuka nikamwona amekaa wima, macho mbele, vidole vikikunja na kukunjua pindo la leso. Alitamani ubatizo kuliko kitu kingine chochote. Umri ulikuwa umemwendea, na alisema waziwazi kwamba anaogopa kufa akiwa bado kwenye lile benchi.

Shida ilikuwa darasa la wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Alilianza akaliacha, akalianza tena akaliacha. Katekista alikuwa kijana ambaye Cucu mwenyewe, mkunga wa kijiji, alimpokea alipozaliwa. "Huyo nilimkata kitovu mimi," alifoka, "na leo aniambie niinue mkono nikitaka kusema?" Sista naye alipojitolea kumfundisha nyumbani, Cucu alimkaribisha uji, akamshukuru sana, akakataa. Sista alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wa Cucu.

Jumamosi moja, tukiosha sahani, Sista aliniita. "Wewe Wawira, kuja hapa. Kutoka leo uko na mwanafunzi. Utafundisha cucu yako mpaka Pasaka."

Weh! Nilivimba kichwa. Nilikuwa na hakika nimechaguliwa kwa kuwa nilisoma kwa sauti kubwa kuliko watoto wote wa parokia. Nilipofika nyumbani nilimkalisha Cucu kwenye kigoda, nikasimama mbele yake na kijiti cha kuonyeshea ubaoni, ingawa hapakuwa na ubao. Nilitarajia anifukuze. Lakini alikunja mikono mapajani, akasema kwa Kimbeere, "Haya, mwalimu."

Tulisoma jioni tukipepeta ndengu, na nakuambia nilikuwa mkali. Nilitaka Injili irudi neno kwa neno, naye akairudisha imetiwa chumvi. Tuligombana hasa juu ya yule mwanamke Msamaria aliyekutana na Yesu kisimani. Kwa Cucu, kisima kiligeuka shimo katika mchanga wa mto uliokauka, kama yale tunayochimba sisi wakati wa kiangazi, na mwanamke akaja na mbuzi wake. Nilikwenda kumshtaki kwa Sista kwamba anaharibu Biblia. Sista alicheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaenda upande.

"Mbuzi mtoe," alisema akijipangusa macho. "Hiyo shimo mwachie."

Siku ya mtihani padre alikaa mezani na katekista kando yake. Sista alisimama nyuma, mlangoni. Aliyeshindwa angengoja mwaka mwingine, na asubuhi hiyo Cucu alikuwa ameniambia haoni kama ana mwaka mwingine wa kungoja. Katekista alimuuliza kwa Kiswahili swali la kwanza la kitabuni. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Fatha," Sista aliita kutoka mlangoni, "mwache asimulie. Kwa lugha yake."

Padre alikuwa mtu wa Embu, Kimbeere akikisikia vizuri, akaitikia. Cucu alisimama, akasimulia kisa cha yule mwanamke tangu mwanzo, na mbuzi hakuwamo. Alipofika pale mwanamke anapouacha mtungi wake na kukimbilia mjini, alitutazama. "Nani anaacha mtungi kisimani wakati wa kiangazi?" aliuliza. "Huyu mama alikuwa amefurahi mpaka akasahau alikuja kufanya nini."

Padre alicheka kwa furaha, akafunga kitabu. Akauliza nani alimfundisha. Nilinyoosha shingo nitajwe.

"Nilijifundisha," Cucu alisema, akanishika bega. "Huyu ni mimi."

Wazee waliokuwapo walitikisa vichwa kukubali, na mimi nikanuna. Kazi yangu yote ile! Pasaka ilipofika nilinuna tena, maana padre alipomuuliza anataka jina gani la ubatizo, alijibu, "Agnesi." Agnesi ni jina langu la ubatizo. Nilikwenda kulia kwa Sista kwamba Cucu ameniibia.

"Wewe umebeba jina yake tangu uzaliwe," alisema, "na hajawahi kulalamika. Mwache sasa abebe yako."

Siku hiyo tulipanga mstari pamoja, yeye mbele, mimi nyuma.

Nilikuwa mwalimu tayari, nina wanafunzi wangu mwenyewe, nilipoelewa kwamba Sista hakunichagua kwa sauti. Alinichagua kwa jina. Cucu asingekubali kuwa mwanafunzi wa mtu yeyote, lakini kwetu aliyepewa jina lako ni wewe mwenyewe, kwa hiyo mimi sikuwa mtu mwingine. Na Sista, mgeni wa kutoka Tigania, alikuwa amezunguka boma hadi boma akiuliza nani amepewa jina la nani, akawatafutia wazee wetu walimu ambao wasingewaonea aibu. Sifa za mtihani ule zilimwendea katekista, na sikumsikia Sista akisema neno. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

Mwaka jana nilimtembelea huko Kianjai, anakoishi na masista wengine wazee. Cucu ametutoka zamani, na Sista mwenyewe macho hayaoni tena vizuri. Nilijitambulisha mlangoni: Agnesi Wawira wa Kiritiri.

Alifikiri kidogo. "Agnesi Wawira gani? Yule mwalimu ama yule mwanafunzi?"

Ualimu ndio kazi yangu, lakini ulimi uligoma kusema hivyo. "Mwanafunzi, Sista."

Alisogea kwenye benchi alilokalia akaniachia nafasi. "Basi kuja ukae hapa," alisema, "unifundishe."