Mpira Mwekundu wa Homa Bay

Harufu ya mpira wa hospitali uliochemshwa naijua tangu miaka ya sitini, nilipokuwa msichana mdogo ambaye hata shule hajaanza. Ulikuwa msimu wa kupalilia njugu. Jua lilikuwa kali, nami nikakimbia kutoka shambani hadi nyumbani nikitafuta maji. Nyuma ya mlango nikaona chupa ya soda. Nikagugumia mara mbili tatu kabla ulimi haujatambua kwamba ile si soda, bali ni dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo baba alikuwa ameimimina humo kutoka kwenye debe. Mama alinikuta nimejikunja sakafuni, chupa mkononi. Alinitupa mgongoni akakimbia nami hadi sokoni Rodi Kopany, nikitapika shingoni mwake.

Pale sokoni, Bwana Abdalla, Mwislamu mwenye duka la nafaka, alikuwa akipakia mahindi kwenye lori lake. Alipomwona mama aliwafukuza wapakiaji. "Panda, mama! Mahindi yatangoja. Asilale huyo, mpigepige mashavu!" Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na kila lori liliporuka nilihisi tumbo likichanika. Mama aliniita jina langu njia nzima, "Akinyi, Akinyi," hadi sauti ikamkauka.

Hospitalini Homa Bay tulipokewa na muuguzi wa kabila la Wakuria asiyejua Kijaluo, mwanamume mrefu mwenye aproni nyeupe. Mama alijua Kijaluo tu na Kiswahili cha sokoni, lakini muuguzi aliponusa chupa ambayo mama alikuja nayo, uso wake ulisema yote. Akatoa kwenye sufuria mpira mwekundu, mnene kama kidole changu, akaupaka mafuta. "Mama, shika kichwa. Akilia, usimwachie. Ukimwachia, sumu inabaki." Nilimtazama mama nikingoja anitetee. Badala yake alinibana kichwa kifuani pake, mkono mwingine ukanifunga mikono. "Meza, mtoto, meza!" muuguzi akahimiza. Mpira ukanisugua koo, pumzi ikakatika, nikajua wananiua, na kwamba mama anawasaidia. Maji yakamiminwa kwa faneli, yakashuka baridi tumboni. Kisha faneli ikainamishwa chini ya kitanda, yakarudi ndooni yakiwa machafu. Yakamiminwa tena, na tena, mpaka yakarudi meupe. Machozi ya mama yalinidondokea usoni, lakini mikono yake haikulegea.

Nilipona. Ila mama alipoleta uji wodini, nilifumba mdomo nikageukia ukutani. Alibembeleza, nikakataa. Mwishowe akaketi kitandani, akanywa funda moja mbele yangu, akangoja nione kwamba hakuanguka, ndipo akanipa kikombe. Alifanya hivyo kila mlo, bila kunikemea, hata baada ya kurudi nyumbani, mpaka siku moja nikasahau kumngoja.

Leo barabara ile ni ya lami, na mipira ya hospitali ni myembamba, laini, inapenya puani kwa utaratibu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi niliukariri msemo huo shuleni bila kuuelewa, hadi nilipozaa. Sasa nikipita wodi ya watoto nikakuta mama amemkandamiza mwanawe ili atibiwe, na mtoto anapiga mayowe, simtazami mtoto. Namtazama mama.