Barua Niliyoituma Bila Kuuliza

Miezi mitatu nilihangaika na tovuti yangu mpya, na kazi ya kwanza iliyofanya ilipokamilika ni kumvunjia mtu sitara yake.

Tovuti ya mwanzo niliifungua nilipokuwa nikitembeza wageni. Niliacha skuli kidato cha pili, nikauza chaja Mwanakwerekwe, nikafanya kazi kwenye boti za kuangalia pomboo Kizimkazi, na kila nilipokwenda niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Hata kutengeneza tovuti nilijifunza kwa kumsumbua fundi simu mmoja wa mjini. Humo nilijiita mtaalamu wa historia ya Mji Mkongwe. Mwaka jana niliamua kuyafuta yote, picha za mashamba ya viungo na huo uongo wa utaalamu, nikabakisha maandishi yangu tu, na barua pepe moja kila Ijumaa kwa wanaotaka kusoma.

Wanaotaka, nasema, lakini sikuwauliza. Nilichukua anwani za wote waliowahi kuniandikia kwenye tovuti ya zamani nikazimimina katika orodha, kwa sababu niliona haya kuanza na wasomaji wanne.

Kwa barua ya kwanza nilichagua andiko nililoliona bora kuliko yote. Lilimhusu bi mkubwa aliyenipangisha chumba Jang'ombe. Ramadhani, kabla ya magharibi, nyumba za mtaani hupelekeana futari, na yake haikukosa, sahani iliyofunikwa kwa kawa la ukili ilifika mpaka mlangoni kwangu. Jioni moja nilikuwa kwa jirani wa mbele wakati mkate wa kumimina unatolewa motoni. Uliungua upande mmoja. Wakamkatia bi mkubwa kipande wakampelekea. Adhana haijalia, nimesharudi chumbani, kipande kile kile kilichoungua, sasa nusu yake, kikanifikia mimi chini ya kawa lake. Nikaelewa kuwa jikoni kwake hakukupikwa kitu. Alikuwa akigawa alichopewa, ili nyumba yake nayo iwe miongoni mwa zinazotoa.

Niliandika kwa kumsifu. Jina sikulitaja, nikaona inatosha. Nilitaja kikohozi chake, kofia anazoshona, mlango wake wa buluu.

Jumamosi asubuhi aliniita. Niliitika naam, nikamkuta ukumbini na sindano mkononi. Shikamoo yangu aliijibu huku akishona.

Binti yake anaishi Maskati. Zamani aliniandikia kupitia tovuti akiniomba nipite kumtazama mama yake, na ndivyo nilivyopata chumba. Anwani yake ilikuwamo kwenye orodha. Nilisahau kabisa.

"Mwanangu kalia kwenye simu mpaka ikakatika," alisema. "Kila akiniuliza, mie humwambia nshakula, nshashiba. Jana kanisomea yeye nnachokula."

Nikajitetea kwamba jina sikuliandika.

"Jina la nini, na kikohozi changu umekitia?"

Kisha akataka kujua nani mwengine kasoma. Nikamwambia wageni, watu wa mbali. Akauliza na wa hapa mtaani je. Nikakiri kwamba orodha ile sikuwahi kuitazama. Akaniamuru nifungue simu nimsomee majina, moja baada ya moja. Nikaanza kusoma. Mengi yalipita. Nikafika kwa kijana wa nyumba ya mbele, aliyewahi kuniomba nimtafutie kazi ya kutembeza wageni. Bi mkubwa akaweka sindano chini.

"Basi. Zima."

Nikaanza kusema nitalifuta andiko lile siku hiyo hiyo.

"Lifute. Halafu vuka ukalifute na kwa jirani."

Kwenye tovuti nililifuta. Zile barua zilizokwisha kuwafikia watu sikuweza kuzirudisha. Nikafuta na orodha nzima, nikaacha mahali ambapo mtu huandika anwani mwenyewe akipenda. Wasomaji wamefika sita. Kila Ijumaa, kabla ya kutuma, naisoma barua upya kutafuta mtu anayeweza kujitambua ndani yake.

Ramadhani ilipoingia tena, bi mkubwa alifunga nyumba akaenda kukaa Makunduchi mwezi mzima. Aliaga kwamba nduguye anaumwa na hana wa kumuuguza; ndugu huyo sikuwahi kumsikia. Jirani wa mbele alinisimamisha njiani akaniuliza kama ni kweli.

Nikamwambia ni kweli, anaumwa sana. Akanitazama, akaingia ndani.