Pua ya Kiberenge Iliyokataa Kujikunja

Naandika haya mguu wa kulia nikiwa nimeunyoosha juu ya kigoda, maana nikiukunja muda mrefu unanuna. Naitwa Gaudensi. Hapa Viwanja Sitini, Ifakara, wananiita Fundi Gau. Nachomelea vyuma: mageti, madirisha, matrela ya wakulima wa mpunga. Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa majigambo, nakiri. Mteja akiniletea geti lililopindia kwa fundi mwingine, nilicheka mpaka majirani wasikie. Kazi ya Gau haipindi, ndivyo nilivyokuwa nasema. Na afya nilikuwa nayo, mtungi wa gesi nilibeba begani peke yangu.

Siku moja mkandarasi wa matengenezo ya reli alinipa kazi ya kuunda bodi ya kiberenge, kile kigari cha injini kinachopeleka wafanyakazi relini. Mchoro aliuleta Injinia Neema, binti mwembamba, mpole wa sauti, umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Karibu."

Alinitandikia karatasi juu ya meza. Chumba cha abiria kilikuwa cha bomba nene, sawa. Lakini mbele yake kulikuwa na pua ndefu ya bomba nyembamba, tena zimetobolewa matundu kwa mpangilio. Nikamuuliza kama amekosea.

"Sijakosea, fundi. Pua hii kazi yake ni kufa. Mpira ukigonga mwamba wa goli unarudi kwa kishindo, si ndiyo? Ukiingia nyavuni unatulia. Kiberenge kikigonga, pua ijikunje kidogo kidogo, imalize ile nguvu kabla haijawafikia watu."

Nikaitikia, "Sawa, mama." Moyoni nikasema huyu mtoto ameshasoma hadi akapitiliza.

Nilijenga kama alivyochora. Pua ilipokamilika, kila aliyepita karakana yangu alisimama. "Gau, siku hizi unatoboa vyuma? Umeishiwa?" Maneno yale yaliniuma. Jumapili moja baada ya misa nilifungua karakana peke yangu, nikachukua vyuma viwili vinene, nikavipitisha ndani ya pua kutoka mwanzo hadi mwisho, nikavichomelea. Nikasaga, nikapiga rangi ya njano. Matundu yakabaki yanaonekana kwa nje, ndani kumejaa chuma. Sikumwambia mtu. Nililala usingizi mzuri sana siku ile.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikaitwa Mang'ula kukaza mlango wa kiberenge hichohicho, na baadaye nikapanda kuelekea Kidatu na wafanyakazi, niujaribu ule mlango. Kando yangu alikaa Masunga, Msukuma mrefu aliyehamia bondeni na ng'ombe wa baba yake, kisha akaajiriwa kufyeka nyasi relini. Alikuwa ananisimulia bei ya mitamba. Karibu na Mkula kuna kona yenye matete marefu. Ng'ambo ya kona, toroli lililosheheni mataruma, yale magogo ya kulazia reli, lilikuwa limeachwa juu ya reli. Dereva alipiga kelele na breki kwa pamoja.

Pua haikujikunja hata upana wa kidole. Kiberenge kilisimama papo hapo, sisi hatukusimama. Benchi letu liling'oka sakafuni na kutubamiza kwenye benchi la mbele. Nilisikia paja langu likivunjika, mlio kama wa muwa. Nilipotazama, mfupa ulikuwa umetoka nje ya suruali, mweupe, una udongo. Masunga alikuwa anatema damu na meno, na mkono wake umening'inia vibaya. Hakuna aliyekufa. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa lolote jingine.

Hospitali walinisafisha kidonda, wakafunga mguu na kuuvuta kwa uzito, wakanitoboa ubavuni kutoa damu iliyojaa kifuani. Siku za kwanza nilipumua kwa vipande. Halafu kidonda kikaanza kutoa usaha. Kilinuka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba kuhamishwa, na mimi nilimwelewa. Homa ilinitetemesha mpaka kitanda kikalia.

Daktari hakunificha. "Mzee Gaudensi, uchafu uliingia hadi kwenye mfupa. Tutaosha tena na tena. Tukishindwa, tutakata juu ya goti."

"Osha, daktari," nikamwambia. "Hata mara mia."

Wakati huo ndipo Injinia Neema alipokuja kunijulia hali, na machungwa kwenye mfuko. Alikaa, akainama. "Fundi, naomba unisamehe. Wamesema mchoro wangu ndio ulioshindwa. Mimi wameniweka kando, na kiberenge cha pili wanaagiza kijengwe pua ya chuma kizito, ngumu kabisa."

Nilijua kila kitu pale. Neno moja lingetosha. Nikasema, "Pole, mama," nikageukia ukutani. Hicho ndicho kitendo ninachokionea aibu zaidi, kuliko hata vile vyuma viwili. Kuviweka ulikuwa ujinga. Kunyamaza nilijua ninachofanya.

Mke wangu Salome aliingia na uji akakuta nalia. Akadhani ni maumivu. Nikamweleza yote, na nikamwambia nikisema nimekwisha, nani tena ataleta kazi kwangu?

Salome akakoroga uji, hakunitazama. "Mguu wako tumemwachia Mungu na daktari. Hili la midomo yako tumwachie nani? Watu watapanda hicho kiberenge cha pili, baba Chesko."

Nikamtuma amwite Injinia. Alipofika nilimweleza bila kupamba. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilitaraji atanitukana, afadhali angenitukana. Aliuliza tu ni unene gani wa chuma, na nimechomelea wapi, akaandika. Kisha akasema, "Masunga hawezi kushika panga, fundi. Ulijua?" Akaondoka. Kesho yake walikwenda kuipasua ile pua kwa grinda, wakavikuta. Mimi nikaandika maelezo yangu na kuyatia sahihi, na nakala moja nikaomba wambandikie mkandarasi kwenye ukuta wa ofisi yake.

Masunga alikuwa wodi ileile. Nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kitandani kwake, nikamweleza vile vyuma viwili. Alijiinua kwa mkono wake mzima.

"Kwa hiyo wewe fundi," akasema, maneno yakimponyoka penye pengo, "ulitaka kiberenge kiwe na nguvu kutushinda sisi watu?"

Siku hiyo hakunisamehe, na sikumwomba aharakishe.

Kukiri hakukukausha kidonda, asije mtu akawadanganya. Kidonda kilikaushwa na dawa, na kuoshwa kulikonifanya niume shuka, na ukaidi wangu ambao safari hii ulipata kazi ya maana. Homa ilishuka. Mguu haukukatwa. Baadaye waliniwekea chuma ndani ya paja, nikarudi nyumbani nimekonda nimebaki macho. Salome alinizungusha nyumba kila asubuhi. Mzunguko wa kwanza nilitapika kwa maumivu. "Bado mmoja," akasema, na nikauenda. Leo natembea nikichechemea, mguu mmoja mfupi kidogo, na wateja wengine hawakurudi. Hilo nalibeba.

Injinia alirudishiwa kazi yake. Aliponiambia niunde pua ya kiberenge cha pili, nilidhani ananitania. "Wewe ndiye sasa unayejua kwa nini," akasema. Kila tundu nililitoboa kwa mkono wangu, nimekaa kwenye kiti. Siku ya kujaribu walifunga magunia ya mchanga kwenye mabenchi, wakakiachia kiberenge kwenye mteremko hadi kwenye behewa lililosimama. Pua yote ilikwisha, ikawa mikunjo mitupu. Mabenchi hayakung'oka. Hakuna gunia lililopasuka. Nilifurahi kuona kazi yangu imeharibika, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maishani. Kisha nikaenda kujenga pua nyingine.

Kiberenge kilipoanza safari Masunga alikuja, siku hizi ni mlinzi wa geti la reli. Alizunguka mbele, akaligonga bomba kwa kidole, akachungulia ndani ya matundu moja moja. Kisha akapanda, akakaa benchi la mbele. Akanisogezea nafasi.

Namshukuru Mungu, madaktari, wauguzi walionisafisha bila kuziba pua, na Salome. Wewe uliyelala kitandani umeambiwa mguu huenda ukakatwa, kula, kubali kuoshwa, na ukiruhusiwa kusimama, simama hata kama unatapika. Na wewe fundi mwenzangu uliyeongeza chuma mahali mchoro ulipokukataza, ukakipaka rangi, nenda ukaseme. Nenda leo. Kesho asubuhi kuna watu watapanda.