Sikula Nguruwe, Lakini Nilianguka

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ameniomba niseme kwa upole kwa sababu wamo wazee. Wazee wangu, shikamooni. Lakini upole leo sina. Nimeutafuta tangu asubuhi sikuuona. Nimekuja kuwasimulia nilivyougua kifafa na nilivyopata nafuu, na humu ndani wamo watu walioniona naungua wakasimama mlangoni. Sitawataja, wanajijua.

Kwa wasionijua, mimi ni mama Gaudensia. Ni Mnyasa, nimekulia upande wa Mbamba Bay kwa usipa, dagaa wetu wa ziwani, na ugali wa muhogo. Niliolewa huku Mapera na Mmatengo, na mume wangu alikuwa akinitania kwamba Mnyasa hata akifika mbinguni atauliza usipa unauzwa wapi. Nguruwe sikumla kwetu na sikumla huku. Harufu yake tu inanichefua. Sikukuu wenzangu wakila kitimoto, mimi nilikula maharage yangu nikashiba. Hilo mlishike, maana ndilo lililotaka kuniua.

Nilikuwa mzima, jamani. Nililima ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, bega kwa bega na wanaume, nikachuma kahawa na mtoto mgongoni, na nikirudi nyumbani bado nina nguvu za kutwanga. Tuliishi ua mmoja na mama mkwe wangu. Ni mama mchapakazi, na kwa mapishi ananishinda, sitamnyima sifa yake. Mimi nikiwa shambani, yeye ndiye aliyepika. Choo chetu kilikuwa kimetitia wakati wa mvua, kikaachwa hivyohivyo, kila mtu akawa na njia yake ya kwenda haja shambani, chini ya mikahawa, miti yetu ya kahawa. Nguruwe nao walizurura humohumo. Hatukuona ajabu. Nyumba ngapi hapa zina choo cha maana? Msiinamishe vichwa, mimi si bwana afya.

Kilianza kichwa. Kiliuma upande mmoja, nikimeza vidonge kinatulia, kesho kinaanza tena. Siku moja tunachuma kahawa nikasikia kitu kinapanda kutoka kitovuni. Kilipanda polepole, tumbo linajikunja, kikafika kifuani, kikafika kooni, mdomo ukajaa mate machungu, na hapo sikujua tena. Nilipozinduka ulimi nimeutafuna, nguo zimelowa mkojo, mwili mzima unauma kama nimepigwa. Wenzangu wote walikuwa wamesimama mbali. Hakuna aliyenipa hata maji ya kusukutua damu.

Mnajua mnavyosema. Mtu wa kifafa akianguka usimguse. Povu lake likikupata, umekwisha. Akijamba ukavuta ile harufu, umekwisha. Nani aliwaambia? Mnitajie mtu mmoja tu, kwa jina, aliyeupata kwa njia hiyo. Nimeuliza swali hili kila mahali na sijajibiwa.

Mama mkwe akanitengea bakuli, kikombe na kijiko. Vilikaa nje, chini ya ghala la mahindi, mahali kuku wanapolala. Nikichota maji, ndoo yangu ilimwagwa. Nikikaa kwenye benchi kanisani, nabaki nalo peke yangu kama nimelinunua.

Mume wangu akanipeleka kwa mganga. Mganga akasema kile kinachopanda kutoka tumboni ni mzimu wa ziwani uliokuja kudai chake. Akanichanja chale kuzunguka kitovu, akaninywesha dawa, nikatapika mpaka nyongo. Nikaanguka palepale mbele yake, naye akakimbia. Mtu anaamuru mizimu asubuhi mpaka jioni, halafu anakimbia povu. Kuku wetu alimchukua, hilo hakusahau.

Tukaenda zahanati moja, nayo sitaitaja. Mhudumu alianza vizuri. Akaniuliza kama nakula nguruwe, maana minyoo ya nguruwe inaweza kufika kichwani. Nikamwambia sijala hata siku moja. Akasema basi siyo hiyo. Akanipa vidonge vya kifafa vya muda mfupi, na vilipokwisha nikaambiwa havipo, nirudi siku nyingine. Nilisema kweli, na ile kweli ikanifungia mlango.

Sasa nawaambia la moto. Nilikuwa napika uji wa mtoto. Siku hiyo mama mkwe alikwenda mazikoni Matiri, mume wangu alikuwa shamba. Kitu kikapanda kutoka tumboni, nikajua, nikataka kutoka nje, sikuwahi. Niliangukia mafiga. Mkono huu wa kushoto ulikuwa ndani ya makaa. Gaudensia alilia mpaka majirani wakaja, na majirani walikuja, nawashukuru kwa kuja. Walisimama mlangoni. Mkono unanuka kama nyama, wao wamesimama. Mwishowe mmoja akachukua mpini wa jembe, akaunasa kwenye kitenge changu, wakanivuta kama mnavyovuta gogo. Tazameni vidole hivi. Viwili havikunjuki. Kama mtu angenishika mguu tu na kunivuta mara moja, leo ningekuwa nachuma kahawa kwa mikono miwili.

Baada ya hapo ukoo wa mume wangu ukakaa kikao. Mimi sikuitwa ndani, nilikaa nje juu ya kinu na bandeji yangu. Wakaamua nirudi kwetu ziwani mpaka nipone, na mtoto abaki. Gaudensia alikuwa bado ananyonya. Nilipomkumbatia, mama mkwe alimtoa mikononi mwangu na kuniambia, "Maziwa yako yana ugonjwa. Mwache mwenzio apone."

Mume wangu alitazama chini. Hilo nalo nililihesabu.

Nilishuka Mbamba Bay kwenye lori la mahindi, maziwa yananivuja kifuani mpaka kitenge kikakakamaa. Nyumbani mama yangu mzazi alinipokea. Yeye hakuniogopa. Nikianguka alinilaza ubavu, anakaa na mimi mpaka nizinduke, kisha ananifuta. Lakini mwili wangu ukawa unajimaliza wenyewe. Chakula hakikupita. Nikimwaza mtoto, tumbo linakatika, naharisha maji matupu, na siku ile ya kuharisha ndiyo naanguka zaidi. Nilikonda, mifupa ya nyonga ikatoka kama vishikio vya sufuria. Nilikuwa namwambia mama kwamba nina magonjwa mawili, moja la kichwa na moja la tumbo.

Mama akanipeleka hospitali ya kule chini. Daktari alikuwa dada mdogo tu, nikasema moyoni huyu naye atanijulia wapi. Akaniuliza kuhusu nguruwe kama yule wa kwanza, nikamjibu kama nilivyomjibu yule wa kwanza. Lakini huyu hakufunga habari.

"Nyumbani kwako nani anapika?"

"Mama mkwe."

"Na yeye anakula nguruwe?"

Nikamwambia anakula sana. Akaniuliza wanakwenda haja wapi. Nikasema kwenye mikahawa. Akaniuliza maji ya kunawa wakitoka huko yako wapi. Nikasema hakuna.

Akanieleza taratibu, akirudia mpaka nikaelewa, na ninyi nawarudishia kama alivyonipa. Nguruwe anakula kinyesi cha mtu. Nyama yake inaota vipunje vyeupe, mnaviona mkichinja, mnavitoa kwa kisu mnaendelea. Mtu akila nyama ile haijaiva, anaota tegu, mnyoo mrefu, tumboni. Huyo mtu haanguki, anaweza kukaa na tegu wake miaka hata asijue. Lakini tegu anataga mayai, yanatoka na choo, yanabaki chini ya kucha za mtu asiyenawa. Akikanda unga, akikata mboga, akimega tonge akakupa, unakula mayai. Yakifika tumboni mwako yanaanguliwa, yanapenya, yanakwenda na damu mpaka kwenye ubongo na kujenga huko.

"Wewe hukula nyama," akaniambia. "Ulikula mikono ya mtu."

Nililia kwa hasira, siwafichi. Nimetengewa bakuli chini ya kuku. Nimevutwa kwa mpini. Nimenyang'anywa mtoto ili nisimpe ugonjwa, akaachwa na ile mikono iliyonipa mimi. Nikataka kurudi Mapera siku ileile kumchukua. Daktari akanizuia, akasema nitafia njiani na mtoto hatafaidika.

Nikapelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa kupigwa picha ya kichwa. Vipunje vilionekana. Nikalazwa, nikapewa dawa ya kuviua pamoja na dawa ya kuzuia ubongo usivimbe, na vidonge vya kifafa kila siku. Siku za mwanzo kichwa kiliuma kuliko zamani, nikatapika, nikadhani nakufa. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba minyoo ikifa ubongo unachachamaa. Ndiyo maana msikimbilie dukani kujinunulia dawa za minyoo mkidhani mnajitibu kichwa. Hii inatibiwa ukiwa chini ya macho ya daktari.

Nikamuuliza kile kinachopanda kutoka kitovuni. Akasema hakikuwa mzimu. Kilikuwa kinaanzia kichwani, palepale penye vipunje, ila ubongo ulikuwa unakisikia tumboni. Na kule kuharisha nikimwaza mwanangu nako hakukuwa ugonjwa wa pili. Alisema kichwa na tumbo ni kama nyumba zilizopakana, moto ukiwaka kwa mmoja mwingine halali. Kumbe nilikuwa na akili timamu wakati wote, mwili ndio ulikuwa unasema.

Kuanguka kulipungua, kukawa kwa nadra, kisha kukakoma. Masika mawili yalipita. Ndipo nikapanda Mapera, na daktari alikuwa ameshaongea na nesi wa huku ili nyumba nzima ipimwe choo na ipewe dawa ya tegu. Mume wangu alimeza. Mama mkwe alikataa, akasema yeye hajaugua tangu azaliwe, tumbo linaunguruma tu kidogo, na vile vipande vyeupe kama utepe anavyoviona kwenye haja kubwa kila mtu anavyo. Nesi akamwambia hapana, mama, kila mtu hana. Hapo mume wangu, ambaye alitazama chini siku ya kikao, alimwekea mama yake dawa mkononi na kusimama mbele yake mpaka amemeza.

Tegu alitoka. Sitaeleza zaidi, mtakula chakula cha mchana leo. Mama mkwe alimwona kwa macho yake. Alikaa chini kwenye kizingiti, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mtanitengea bakuli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Naapa, neno lilikuwa ulimini. Yeye alimeza dawa mara moja akapona, mimi nitameza vidonge mpaka daktari aseme basi, na vidole vyangu haviponi. Lakini nilimpakulia kwenye sahani yetu, akanawa kwa sabuni, tukala. Msinisifu. Hasira yangu iko palepale. Nilichokataa ni kuona tena mtu akila kwa bakuli la chini ya kuku, hata kama mtu mwenyewe ni yeye. Hajaniomba msamaha mpaka leo. Jana nilimwambia kwamba nitayasema haya mbele ya watu. Akanijibu, "Sema."

Naye ndiye aliyenirudishia mtoto. Lakini mtoto gani? Gaudensia alinisimamia mbali, mikono nyuma. Nikamwita, akatikisa kichwa. Akaniambia akinishika ataanguka. Nilitibiwa ubongo mzima, akina mama, na hakuna kidonge nilichopewa cha kumtoa mtoto neno alilofundishwa. Tulilala kitanda kimoja yeye amejibana ukutani. Nikimpa tonge, anasubiri niliweke kwenye sahani. Ilipita mavuno mazima ya kahawa kabla hajanishika kidole.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, namshukuru mama yangu aliyenishika, namshukuru yule daktari aliyeuliza swali la pili. Na ninyi nawaomba, tena siombi, nawaambia: chimbeni vyoo. Fungeni nguruwe. Nyama iive mpaka ndani. Naweni kwa sabuni kabla hamjashika unga. Mtu akianguka ondoeni moto na mawe karibu yake, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, kaeni naye, kisha mpelekeni hospitali. Na midomo yenu ilindeni mbele ya watoto.

Wiki iliyopita kijana mmoja alianguka gulioni, mlikuwepo wengi. Mlitawanyika, nyanya za watu zikakanyagwa. Nikabaki mimi na Gaudensia. Alikuwa ameshika kitenge changu, ananitazama.

"Mama, tumshike?"

Nikamwambia tumshike. Nilimlaza yule kijana ubavu, nikamkunjia khanga chini ya kichwa, nikamfuta povu kwa mkono wangu huu ulioungua, mbele ya macho yenu. Mwanangu alichuchumaa upande wa pili. Yule kijana alipofumbua macho, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Gaudensia, amemshika mkono.